Mama wa Buffalo anauliza: theluji ya zamani ilikuwa kali zaidi? Na sisi tujiandaeje?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne. Tulifika Buffalo, New York, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Tunapanga ghorofa ya chini katika nyumba ya mbao ya zamani. Dhoruba ya Krismasi ya 2022 ilitukuta hatuna chakula cha kutosha, umeme ukakatika siku mbili, watoto wakalala na makoti. Jirani yetu, mzee wa hapa hapa, anasema ile si kitu, kwamba theluji ya 1977 ilifunika nyumba. Je, ni kweli zamani ilikuwa kali zaidi? Na tufanye nini isitukute tena vile? Baba watoto anasema umeme ukikatika tena ataingiza jiko la mkaa ndani.

JIBU: Mama, nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye kifo ndani yake. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya nyumba, hata kwa dakika kumi, hata mkiacha dirisha wazi. Kambini mlipika mahali penye upenyo chini ya paa, hewa ikaingia na kutoka. Nyumba ya Buffalo, hata iwe kuukuu, imezibwa ili joto lisitoke, na gesi nayo haipati pa kutokea. Wengi wamelelewa na desturi ya kuwasha mkaa nje, kungoja moshi uishe, kisha kuingiza jiko likiwa limekolea. Mtego uko hapo hapo. Kaa jekundu lisilo na moshi ndilo linalomwaga kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Anayeivuta usingizini haamki.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu, na ni rahisi kuzidhania mafua. Tofauti ni kwamba mafua hayawashiki watu wote wa nyumba saa ile ile, wala hayapungui mtu akitoka nje. Mkiona hivyo, tokeni wote kwanza, ndipo mpige 911, namba ya dharura. Sheria ya New York, tangu 2010, inataka nyumba yenye mtambo wa gesi iwe na king'ora cha gesi hii. Kama hamna, mwambieni mwenye nyumba leo. Kikae karibu na vyumba vya kulala, kijaribiwe kila mwezi kwa kubonyeza kitufe, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma yake isipuuzwe, maana kihisio cha ndani huchoka baada ya miaka kadhaa hata kama taa inawaka. Onyo hili ni la jiko la kuchomea nyama pia, la jenereta (ikae nje, umbali wa meta 6 au zaidi kutoka dirisha au mlango wowote), na la kufungua mlango wa oveni ya gesi ili chumba kipate joto.

Sasa nirudi kwa jirani yenu.

Ya 1977 na ya juzi

Mzee hasemi uongo, ila kumbukumbu yake imeshika upande mmoja. Buffalo iko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 390 lakini kina cha wastani cha meta 19 tu. Upepo wa baridi ukivuma kutoka kusini-magharibi hupita juu ya maji hayo kwa urefu wake wote, ukichota joto na mvuke. Wingu hujengeka njiani, na likigusa nchi kavu hutupa theluji katika ukanda mwembamba, pengine wenye upana wa kilomita 20 au 30, kwa kasi inayoweza kufika sentimita 5 hadi 10 kwa saa. Ndiyo maana mtaa mmoja huzikwa huku mwingine, mwendo wa dakika 15 kwa gari, ukiwa na jua. Watabiri huangalia jambo moja mapema: hewa iliyo kwenye kimo cha meta 1,500 ikiwa baridi kuliko maji ya ziwa kwa nyuzi 13 za Selsiasi au zaidi, wanajua mtambo umeshawaka. Ziwa likiganda, mvuke hukatika na mtambo hupoa.

Ukishaelewa hilo, 1977 inakuwa ya ajabu. Ziwa lilikuwa limeganda tangu katikati ya Desemba 1976. Dhoruba iliyoanza Ijumaa, 28 Januari 1977, na kuendelea hadi 1 Februari, ilileta theluji mpya ya karibu sentimita 30 tu. Iliyozika mji ilikuwa theluji kavu ya wiki nyingi iliyolala juu ya barafu ya ziwa, ambayo upepo wa zaidi ya kilomita 110 kwa saa uliikusanya na kuimwaga mitaani. Mahali pengine marundo yalifika kimo cha meta 9. Katika bustani ya wanyama ya Buffalo, kulungu watatu wa nchi za baridi walipanda rundo lililokuwa limefunika ua wao, wakatoka kwa miguu. Watu 29 walifariki, baadhi yao ndani ya magari yaliyofukiwa. Rais Jimmy Carter alilitangaza eneo hilo kuwa la maafa, jambo ambalo serikali kuu ya Marekani haikuwa imewahi kulifanya kwa sababu ya theluji. Kwa hiyo mzee akisema nyumba zilifunikwa, amini: zilizokaa mahali upepo unaporundika zilifunikwa, na za barabara ya pili huenda zilibaki wazi. Msimu wote wa 1976 hadi 1977 ulileta theluji ya meta 5 na ushee, mara mbili ya mwaka wa kawaida, ambao huwa na kama meta 2.4.

Lakini weka pembeni yake miaka ya karibuni. Kati ya 24 na 28 Desemba 2001, meta 2 za theluji zilianguka Buffalo kwa siku tano. Mnamo Novemba 2014, vitongoji vya kusini vilipata zaidi ya meta moja na nusu kwa siku mbili tatu huku kaskazini mwa jiji pakipata sentimita chache. Mnamo Novemba 2022, Orchard Park na Hamburg zilipita meta 2, na vifo vilikuwa vichache. Mwezi mmoja baadaye ikaja dhoruba iliyowakuta ninyi: uwanja wa ndege wa Buffalo ulipima sentimita 132, pungufu sana ya zile za Novemba, lakini upepo mkali haukutulia kwa zaidi ya siku moja na nusu, mtu hakuona mkono wake, na watu 47 walifariki. Wengine walikutwa barabarani, wengine ndani ya magari, wengine majumbani mwao baada ya joto kukatika, na wengine moyo ulisimama wakikusanya theluji. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yenyewe yalikwama. Wengi wa waliofariki ndani ya jiji walikuwa Weusi, wakazi wa mitaa yenye nyumba kuukuu na maduka ya chakula machache, na hilo lazima litajwe.

Basi jibu ni hili. Kwa kina cha theluji inayoanguka, ya karibuni imeizidi ya 1977. Kwa vifo pia. Ziwa linapochelewa kuganda, kama linavyofanya mara nyingi miaka hii, linaendelea kulisha mawingu Novemba na Desemba yote. Na usipime hatari kwa kina. Theluji ya meta 2 isiyo na upepo inakufungia ndani, ukachoka, ukaikusanya. Ya nusu meta yenye upepo wa kilomita 100 inamuua mtu aliyetoka kwenda dukani hatua mia mbili kutoka mlangoni. Katika utabiri, soma upepo kwanza, sentimita baadaye. Tangazo likisema *blizzard warning*, maana yake ni upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi na kutoona mbele ya meta 400, kwa saa tatu au zaidi. Likisema *lake effect snow warning*, ni ule ukanda wa ziwa. La kwanza ndilo la kuogopa kabisa.

Nyumba, kabla ya Novemba

Usingoje Desemba. Tarehe 12 na 13 Oktoba 2006, sentimita 57 za theluji yenye maji zilianguka miti ikiwa bado na majani. Matawi yalivunjika jiji zima, nyaya zikaanguka nayo, na kuna nyumba zilizokaa gizani zaidi ya wiki. Mwisho wa Septemba uwe ndio tarehe yenu.

Anzeni na mtambo wa joto ulio chini ya nyumba. Kichujio chake cha hewa kibadilishwe, kwani kikijaa vumbi mtambo hupata moto kupita kiasi na kujizima. Kisha mzunguke nje mtafute mabomba mawili meupe ya plastiki yanayotoka ukutani, mara nyingi chini ya kiuno cha mtu: moja huvuta hewa, jingine hutoa moshi. Si kila nyumba inayo, maana mitambo ya zamani hutolea moshi kwenye bomba la paani. Kama yapo, weka alama ya kijiti kirefu kando yake, sababu theluji ikirundikana hapo mtambo hujizima, na mtu wa ndani hudhani umeharibika. Wengi wameita fundi wa bei kali kwa tatizo ambalo beleshi lingelimaliza kwa dakika tano. Mbaya zaidi, bomba likizibwa nusu, moshi unaweza kurudi ndani.

Ninyi ni wapangaji, na kupasha nyumba joto si hisani. Kanuni za majengo za New York zinamtaka mwenye nyumba awe na mtambo unaoweza kufikisha vyumba nyuzi 20 za Selsiasi, yaani 68 za Farenhaiti, kuanzia 15 Septemba hadi 31 Mei. Mtambo ukifa na yeye hashiki simu, piga 311 ya jiji. Bili ikiwalemea, kuna msaada wa HEAP, mpango wa serikali wa kuchangia gharama za kupasha nyumba joto, unaoombwa kila msimu, wenye sehemu ya kawaida na sehemu ya dharura kwa waliokaribia kukatiwa. Ombeni mapema unapofunguliwa, fedha zikiwa bado zipo. Namba 211 itawaelekeza pa kuombea.

Madirisha ya nyumba kuukuu hupitisha baridi kuliko kitu kingine chochote. Washa kijiti cha ubani, kipitishe polepole kwenye kingo siku yenye upepo: moshi unapoyumba ndipo penye ufa. Hapa msemo wa usipoziba ufa unakuwa kweli kabisa. Nunueni karatasi ya plastiki ya madirisha. Hubandikwa kwa utepe wa pande mbili kwenye fremu ya ndani, kisha hupulizwa na mashine ya kukaushia nywele hadi inyooke kama kioo. Hewa iliyofungiwa kati ya plastiki na kioo ndiyo blanketi lenyewe, kwa hiyo plastiki isiguse kioo. Acheni dirisha moja la chumba cha kulala bila kubandikwa, liwe njia ya kutokea moto ukizuka.

Mabomba ya maji huanza kuwa hatarini nje kukifika nyuzi 7 chini ya sifuri (20 za Farenhaiti), hasa yale yanayopita kwenye ukuta wa nje. Usiku kama huo fungueni milango ya kabati chini ya sinki joto liingie, na muache bomba la mbali kabisa likidondosha matone, la moto na la baridi. Maji yakiganda hutanuka na kusukuma maji yaliyobaki kati ya barafu na bomba la kufungulia lililofungwa. Shinikizo hilo ndilo linalopasua. Tone linaloanguka hulitoa. Mjue pia valvu kuu ya maji ilipo, baba na mtoto mkubwa wote waweze kuifunga gizani. Bomba likiganda, lipasheni kwa mashine ya nywele mkianzia upande wa bomba la kufungulia mkirudi nyuma, na bomba hilo la kufungulia likiwa wazi. Msitumie moto wa mshumaa wala wa gesi.

Akiba

Dhoruba ya 2022 ilianza Ijumaa. Amri ya kutoendesha magari ilianza kutumika saa tatu na nusu asubuhi hiyo hiyo, watu wengi wakiwa wameshatoka, na katika jiji iliondolewa baada ya karibu siku sita. Kwa hiyo pimeni chakula cha siku saba, si tatu. Maji ya dharura ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Ninyi ni sita, siku tano ni lita 120. Si lazima kununua chupa: jazeni ndoo zenye vifuniko na sufuria siku moja kabla. Chakula kiwe na sehemu isiyohitaji moto: mkate, karanga, tende, maharage ya kopo, samaki wa kopo, maziwa ya unga, ndizi. Unga wa ugali na mchele ni wa siku umeme ukiwepo, au kama jiko lenu la gesi linawaka kwa kiberiti. Majiko mengi ya juu huwaka hivyo umeme ukikatika, lakini oveni mara nyingi haiwaki. Ni la kupikia tu, dirisha likiwa na upenyo, kisha lizimwe.

Dawa za mtu mwenye kisukari, presha au pumu zisipungue za wiki mbili kuanzia Novemba. Insulini isiachwe ikaganda. Ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Nepi, maziwa ya mtoto, betri za tochi, pawabenki. Mishumaa iacheni, kwenye nyumba ya mbao iliyojaa mablanketi haifai.

Umeme ukikatika

Mtambo wa gesi nao huzimika, kwa sababu feni na kidhibiti chake vinatumia umeme. Msisubiri nyumba ipoe. Saa ile ile chagueni chumba kimoja kidogo chenye madirisha machache, hamisheni magodoro yote humo, tundikeni blanketi mlangoni na jingine dirishani, na mzibe upenyo wa chini kwa taulo. Miili sita inatoa joto la kutosha kupunguza makali ya chumba kidogo. Kaeni juu ya godoro, si sakafuni. Chupa za maji ya moto zifungwe kwa soksi, ziwekwe miguuni kwa mtoto, si juu ya ngozi. Kofia ivaliwe hata kitandani. Kula mara nyingi kidogo kidogo, kwani mwili unatengeneza joto kwa chakula. Pombe isitumike: hufungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto huku la ndani likimtoka.

Chunguzeni wazee na watoto wachanga. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, kisha huongea kwa kuburuta maneno, hujikwaa, hulegea. Kutetemeka kukikoma bila mwili kupata joto, hali imekuwa mbaya. Piga 911, taja neno "Swahili" ili watafute mkalimani wa simu, na wakati mnangoja vueni nguo zenye unyevu, pasheni kifua na tumbo kwanza, mikono na miguu baadaye.

Watoto na nguo

Nguo za pamba ndizo kosa la kwanza la kila mgeni. Pamba ikilowa jasho au theluji haikauki, hunyonya joto la mwili. Tabaka la ndani liwe la poliesta au sufu, la kati fulana nzito ya manyoya au sweta, la nje koti lisilopitisha upepo. Buti ziwe kubwa kidogo: soksi mbili ndani ya buti linalobana hukata damu, na vidole hupoa kuliko ungevaa moja. Glavu za vidole vyote pamoja hutunza joto kuliko za kidole kimoja kimoja.

Kukiwa na nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Kwenye mabango ya kliniki mtaona picha ya ngozi nyekundu au nyeupe. Ngozi nyeusi haionyeshi hivyo; tazama rangi ya kijivu au ya majivu, uso unaong'aa kama nta, na bonyeza: mtoto akisema hasikii, au sehemu ikiwa ngumu, ndiyo yenyewe. Usisugue, wala usipake theluji kama wengine wanavyosema. Tumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, yaani yale ambayo kiwiko chako kinayaona ya mtoto kuoga, kwa nusu saa, na umpeleke hospitali. Ikiwa mpo barabarani na kidole kinaweza kuganda tena, msikiyeyushe njiani. Kuganda mara mbili ndiko kunakoua nyama.

Na jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi: kwenye kiti cha gari cha mtoto, usifunge mkanda juu ya koti nene. Koti hubonyea ajali ikitokea, mkanda ukalegea, mtoto akachomoka. Mvue, mfunge, kisha mfunike kwa blanketi au mvishe koti kinyumenyume juu ya mkanda.

Kukusanya theluji

Watu hudharau kazi hii kwa kuwa theluji inaonekana nyepesi. Chukua njia ya urefu wa meta 10, upana meta moja, theluji sentimita 30. Hiyo ni meta 3 za ujazo. Ikiwa mpya na kavu ina uzito wa kama kilo 300. Ikiwa imelowa inaweza kupita kilo 900. Huo ndio mzigo unaoinuliwa na mtu ambaye tangu Aprili hakufanya kazi nzito, katika baridi inayobana mishipa ya moyo, akiwa amebana pumzi kila anapoinua.

Kwa hiyo msingoje ikome. Tokeni kila ikifika sentimita 15, ikiwa hakuna upepo wa kupofusha. Sukuma badala ya kuinua. Ukilazimika kuinua, jaza nusu beleshi, kunja magoti, geuka kwa miguu na si kwa kiuno. Paka mafuta ya kupikia kwenye bati la beleshi, theluji haitanata. Pumzika kila dakika kumi. Mwenye umri wa miaka 45 na zaidi, mwenye presha, kisukari au anayevuta sigara, aiache kazi hii kwa mwingine. Kifua kubana, maumivu ya taya au mkono, jasho la baridi: acha beleshi hapo hapo, 911.

Rundo gumu ambalo gari la jiji huliacha mwishoni mwa njia yenu ndilo zito kuliko yote, kwani limeshikamana na maji na chumvi. Liacheni hadi gari limepita mara ya mwisho, kisha mlikate vipande vidogo. Msiirudishe theluji barabarani. Fukueni mabomba ya mtambo wa joto, mita ya gesi (kwa ufagio, si kwa beleshi), na bomba la zimamoto lililo karibu.

Chumvi ya mawe hufanya kazi vizuri hadi kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Chini ya hapo nunueni ya kalsiamu kloraidi, au mwageni mchanga ili miguu ishike. Kikombe kimoja kikubwa, kama mililita 350, kinatosha njia ya gari ya urefu wa meta 6. Zaidi ya hapo ni hasara na huharibu saruji. Maji ya moto msimwage kamwe. Baada ya saa moja mtakuwa na kioo mlangoni.

Gari

Tairi za baridi ziwe nne, zenye alama ya mlima na chembe ya theluji. Mpira wa tairi za kawaida hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7. Tangi lisipungue nusu. Mkikwama dhorubani, msiliache gari: mwaka 2022 kuna waliofia hatua chache kutoka kwenye magari yao. Fukueni ekzosi kwanza, ndipo muwashe injini dakika 10 kila saa, dirisha la upande usio na upepo likiwa wazi kidogo. Fungeni kitambaa chekundu kwenye antena. Mkizima injini, ekzosi ifukuliwe tena kabla ya kuwasha.

Daftari

Umeuliza habari za zamani, nami nashauri muanze kuandika yenu. Chukueni ubao mweupe wa sentimita 40 kwa 40, uwekwe uani mbali na kuta. Pimeni kwa rula kila saa sita, si zaidi ya mara nne kwa siku, kisha mfute ubao. Mkipima mara nyingi zaidi mtapata namba kubwa isiyo ya kweli, kwa kuwa theluji hujishindilia yenyewe ikikaa. Andikeni tarehe, sentimita, upande wa upepo, saa umeme ulipokatika na kurudi, na kitu kilichowaishia kwanza. Hiyo safu ya mwisho ndiyo orodha yenu ya ununuzi ya mwaka unaofuata.

Na yule mzee jirani, ambaye kama alikuwa mtu mzima 1977 basi sasa umri wake si wa kushika beleshi, mwambie mwanao mkubwa afungue njia yake kabla ya yenu. Kubalianeni pia alama: pazia la mbele likiwa halijafunguliwa saa tatu asubuhi, mnagonga. Siku ya kwanza yenye jua, mwombeni awaonyeshe theluji ya 1977 ilifika wapi kwenye ukuta wake, pimeni kutoka ardhini, na muiandike kwenye ukurasa wa kwanza.